Historia ya Theuri Kingori, Aliyeagiza Jina Lake Liondolewe

Mpendwa wetu Theuri alizaliwa tarehe 9 Aprili 1981 huko Tetu, kitinda mimba wa Mzee Kingori na mkewe Nduta, akakulia kati ya majani chai na ng'ombe wa maziwa, akasoma shule ya msingi na ya upili papo hapo nyumbani, kisha akahitimu stashahada ya kompyuta mjini Nyeri mwaka 2003.

Mwaka 2009 aliajiriwa na kliniki ya wagonjwa wa sukari mjini, akaijenga peke yake hifadhidata ya kumbukumbu za wagonjwa, jedwali baada ya jedwali, na kwa kuwa kila jedwali sharti liwe na mwenyewe, yote akayaandikisha kwa jina lake, si la kliniki, kama kijana achongaye jina kwenye mti alioupanda.

Tarehe 14 Agosti 2010 alifunga ndoa na Watiri, wakajaliwa binti, Nduta, aliyepewa jina la nyanya yake, na hawakupata mwingine.

Mwaka 2024 saratani ya koo ilimshika, ikala sauti yake kabla ya kula mwili. Tarehe 3 Machi 2025, akiwa wodini, umeme uliunguza seva, kompyuta kuu ya kliniki, na mwenzake Zuena wa Majengo aliporejesha nakala ya akiba kwenye seva mpya, kazi ilikwama kwenye jedwali la kwanza, kwa maana nakala ilimtaka mwenyewe aitwaye Theuri, na seva mpya haikumjua mtu wa jina hilo. Wagonjwa walijaa kwenye viti wakingoja, na hakuna daktari aliyethubutu kukisia kipimo cha insulini cha mtu.

Zuena alipiga simu kuuliza kama amsajili Theuri upya kwenye seva, na Watiri, aliyekuwa ameishika simu, alikubali moyoni papo hapo, maana jina la mumewe lingebaki mahali. Theuri akatikisa kichwa, akamvuta karibu, akanong'ona, "Mama Nduta, mwambie arudishe bila mwenyewe, vitu zote ziwe za kliniki. Mimi naenda. Hiyo jina itawafungia tena."

Watiri akairudisha simu sikioni.

"Mama Nduta, uko? Ati amesema nini?" Zuena aliuliza.

Hakuna mwingine aliyeusikia mnong'ono ule, na lolote ambalo Watiri angesema lingeaminiwa. Alilia kwanza, simu ikiwa bado sikioni, kisha akayasema maneno yote kama alivyopewa, akaliondoa jina la mumewe kwa kinywa chake mwenyewe. Jioni hiyo majedwali yalifunguka.

Theuri alifariki tarehe 6 Machi 2025, Watiri akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani wa Tetu waliokama ng'ombe wake, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wamefika nusu tu, kwa kuwa kliniki iko wazi na wagonjwa wanahudumiwa.

Baba Nduta, jina lako limebaki kwetu sisi peke yetu, lala nalo kwa amani.