Dude la Miguu Kumi na Moja

Asubuhi hiyo, benchi la pembeni mwa duka la misumari lilikuwa limekaliwa kabla wenyewe hawajafika. Kwenye nafasi ya Meneja palikuwa na dude: kiwiliwili cha mbuzi kilichoshonwa kwa ngozi za viatu, uso wa binadamu uliokatwa kwenye mkoba mwekundu, mdomo wa zipu, pembe za visigino virefu, na miguu kumi na moja, kila mmoja na kiatu chake, miwili ikiwa imekunja nne kama ya mheshimiwa. Hatua tatu kutoka hapo, Fundi viatu aliinamia soli ya mtu akijifanya hajui lolote. Alikuwa amelishona miezi minane, akimficha hata mkewe, kwa viatu ambavyo wenyewe walivileta wakavisahau. Alikuwa amejiwekea nadhiri: akisikia neno moja la heri, moja tu, ataanza dude la pili. Asiposikia, abaki na gundi yake mpaka kiama.

— Nani kakaa kwangu? alifoka Meneja. Cheo hicho alikipata kwa kuwabebea mameneja mafaili miaka thelathini.

— Salamu kwanza, mzee, alisema Daktari, muuza sumu ya panya. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nini? Limekaa nafasi yangu!

— Basi umepona kukaa.

Kocha, ambaye enzi zake zote za uchezaji hakuwahi kuinuka kwenye benchi la akiba, alilizunguka dude kwa mbali kidogo.

— Miguu kumi na moja! Hii timu nzima, jamani. Kipa ni huyu mwenye ndala.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Daktari. — Mwenye miguu yote hiyo anawahi wapi? Hili limeletwa kutuhesabu. Mdomo ni zipu ili lisiseme limetumwa na nani.

— Litahesabu nini? alisema Meneja. — Tuko watatu.

— Wanne, alisema Fundi taratibu.

— Watatu na Fundi.

Shangazi wa kahawa alifika na birika lake, akalitazama dude juu hadi chini.

— Linakunywa? Kama halinywi, linipishie mteja.

— Labda kuna mtu tu kalishona, alijaribu Fundi. — Kwa mikono yake.

Meneja alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Je, hili linaelea?

— Halielei.

— Basi halikuundwa.

Wote wakatikisa kichwa kukubali. Hoja ilikuwa nzito mno kubishiwa.

— Tulitupe, alisema Kocha. — Leo gari la taka linapita.

Sindano ikamchoma Fundi kidole.

— Nasikia, alisema upesi, akitafuta uongo wa kwanza uliokuwa karibu, — nasikia watu wa ng'ambo ndio hutengeneza madude kama haya. Mabingwa.

Meneja akasimama wima, kama mtu anayefungua mkutano.

— Nilikuwa nangoja tu mwenye akili aseme. Bosi wangu wa tatu alikuwa na kiti kilichoyeyuka, kipo pale ofisini, hakikaliki! Kimetoka ng'ambo. Tena tukikipangusa vumbi, tunavua viatu. Hili ni la bingwa yuleyule. Mkono wake naujua.

— Sasa naona, alisema Daktari, na kweli macho yalimtoka. — Hizi pembe ni huzuni ya mwanadamu.

— Na zipu ni demokrasia, alisema Kocha.

— Imefungwa au imefunguliwa?

— Nusu.

— Bingwa huyo!

Kabla kikombe cha pili hakijapoa, dude lilikuwa limeshakuwa hazina ya dunia. Kocha alivua kofia akalikinga jua. Daktari alihamia chini, lisije likabanwa. Meneja, aliyekuja akidai nafasi yake, aliapa kwamba angeitoa hata kwa miaka kumi. Fundi aliona mguu mmoja umepinda, akainuka aunyooshe. Meneja akamchapa kofi mkononi.

— Fundi! Na gundi zako hizo! Hiki ni kitu cha watu!

Fundi akarudi kwenye kijisanduku chake. Maneno ya heri sasa yalimwagika kama mvua, ila kila moja lilimpita juu ya kichwa, likaenda kwa mtu ambaye hayupo. Na mtu huyo Fundi alikuwa amemleta mwenyewe.

Ndipo alipokuja mwalimu wa chekechea, akichechemea, ukanda wa sandali umekatika. Hakuwa mtu wa kijiweni. Alimkabidhi Fundi sandali, akaliona dude, akachuchumaa mbele ya mguu wa saba.

— Hiki nini?

— Kazi ya bingwa wa ng'ambo, mwalimu, alisema Meneja. — Tazama kwa macho tu.

— Sawa. Sasa bingwa wa ng'ambo alikipata wapi kiatu changu cha kushoto?

Meneja akachungulia ndani ya kikombe. Daktari akatazama angani. Kocha akairudisha kofia kichwani, polepole.

— Si nilikileta hapa na mwenzake mwaka juzi, aliendelea mwalimu, — nikahama mtaa, nikasahau.

Vichwa vitatu vikamgeukia Fundi. Naye akainamisha chake, akingoja matusi. Hayakuja. Mwalimu alikuwa bado amechuchumaa, akipitisha kidole kwenye mshono, mguu hadi mguu, kama mtu anayesoma barua.

— Mh! alisema. — Kumbe kilikuwa kizuri hivi. Mimi hakikuwahi kunipendeza namna hii.

— Cha kulia ninacho, mwalimu, alisema Fundi, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. — Naomba nisikurudishie. Nina kazi nacho.