Mzee Ambilikile wa Kyimo, Aliyevuta Magari Kwenye Tope

Wasikilizaji wapendwa, alikuja mgeni asiyejulikana. Ilikuwa asubuhi, mwezi Machi, mwaka 1998. Mvua ilikuwa imenyesha Kyimo wiki nzima bila kupumzika. Mgeni huyo alikuwa na kiatu kimoja tu mguuni. Kingine kilibaki kwenye tope.

"Hodi. Samahani, mama. Nimeambiwa hapa yupo mzee anayevuta magari."

Bibi Anyelwisye, mke wa mzee mwenyewe, akamtazama miguu. "Karibu, mwanangu. Kaa kwanza unywe chai."

"Siwezi kukaa, mama. Naitwa Meshaki, ni dereva wa lori la ndizi. Gari langu limenasa barabara ya Matwebe. Ndani kuna mama mjamzito na uchungu umeshaanza. Hawezi kutoka."

Chumbani, mzee alikuwa ameshasikia. Alitoka na koti mkononi, akauliza jambo moja tu. "Limelalia upande gani?"

Mzee huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Ambilikile Mwaisaka, mzaliwa wa Kyimo, wilaya ya Rungwe. Alikuwa dereva. Nalirudia, kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kuitwa hivyo kuliko kuitwa mzee: alikuwa dereva. Amefariki mwezi uliopita akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ujana wake aliutumia kwenye malori ya ushirika. Alibeba kahawa ya wakulima wetu, masika na kiangazi. Kisha yakaja mambo ya soko huria. Wakaja wanunuzi binafsi na magari yao. Malori ya ushirika yakaegeshwa, majani yakaota katikati ya magurudumu, na madereva wakaambiwa waende nyumbani. Mzee Ambilikile akaenda nyumbani.

Bibi Anyelwisye aliniambia hivi: "Alikuwa anaamka alfajiri, anaoga, anavaa shati la kazi, anakaa kwenye kiti. Hana pa kwenda. Siku moja nikamwambia, Baba Boazi, hata kuku wanakuonea huruma."

Alicheka, anasema mama. Lakini hakuinuka kwenye kile kiti.

Wasikilizaji wapendwa, wapo wanaume wengi waliokaa kwenye kiti cha namna hiyo miaka ile. Mlango uko wazi, mguu uko mzima, na bado mtu amefungwa.

Ajabu ni kwamba soko huria lililomtoa kazini ndilo lililomletea pikapu. Magari yaliyotumika ng'ambo yalianza kushushwa bandarini Dar es Salaam, na shemeji yake akamsaidia kupata moja. Pikapu ile ilikuwa na kitu ambacho watu wa Kyimo hawakuwa wamekizoea. Nyuma, chini ya bampa, kulikuwa na boksi la chuma, lenye tundu la mraba, lililokazwa kwa bolti kwenye chesisi. Ndani ya tundu hilo kilichomekwa chuma chenye kichwa cha mviringo, kikubwa kama ngumi. Kichwa hicho ni cha kufungia tela. Pini moja nene ilipita ubavuni mwa boksi kukizuia kisichomoke.

Tela hakuwa nalo. Lakini magari ya wafanyabiashara yalikuwa yananasa kila masika, na mzee akaona kazi. Akainuka kwenye kile kiti.

Mwanzoni alikosea. Alifanya kama kila mtu: alizungusha mnyororo kwenye kile kichwa cha mviringo, akavuta. Rafiki yake Asajile alikuwapo siku hiyo, pale Makandana, mjini Tukuyu.

"Kichwa kilikatika," anasimulia Mzee Asajile. "Kilipita hapa, juu ya bega langu, kikatoboa mlango wa duka. Mimi nilikuwa nimeshika muwa, natafuna. Nilibaki nimeshika muwa. Ambilikile akaja mbio, anauliza, umeumia? Nikamwambia, sijaumia, ila wewe hutanivuta kamwe, hata nikizama ziwani utaniacha huko huko."

Baada ya siku hiyo alibadilisha namna ya kufanya kazi. Alikuwa anachomoa kile kichwa chote na kukiweka pembeni. Halafu anaingiza kitanzi cha mkanda ndani ya lile boksi la chuma, anapitisha pini katikati ya kitanzi, anaifunga. Mkanda wenyewe ulikuwa mpana, wa kunyanyulia mizigo, si mnyororo. Juu ya mkanda anatandika gunia lililolowa, ili ukikatika usiruke. Na watu wote wanakaa mbali. Boksi limekamata chesisi, alikuwa anasema, na chesisi ndiyo gari. Kichwa kile kimewekwa kwa ajili ya kukokota tela, si kung'oa lori kwenye tope.

Madereva mnaonisikiliza, hilo nalirudia kwa faida yenu. Msifunge kwenye kichwa. Fungeni kwenye boksi, kwa pini, na mvute kwa kunyooka.

Sasa turudi barabara ya Matwebe.

Lori lilikuwa limeelekea juu, kuja Tukuyu. Upande wa kushoto, udongo wa kingo ulikuwa umeporomoka na kuziba mlango. Ukichimba, unaporomoka mwingine. Upande wa kulia, barabara ilikuwa imemeguka chini ya gurudumu la nyuma. Ukifungua mlango wa dereva, unatazamana na korongo. Meshaki alitokea dirishani, akakanyaga bampa ya mbele, akaruka. Nesi aliyemsindikiza mgonjwa, Winfrida, mtu wa Kilosa aliyepangiwa kazi katika zahanati ya Matwebe, naye alipita hapo hapo. Mama mjamzito hakuweza. Tumbo halikupita. Alibaki peke yake ndani ya kebini, na kila mvua ilipoongeza nguvu, lori lilisogea kidogo kuelekea korongoni.

Mzee Ambilikile alisimamisha pikapu juu kidogo ya lori, nyuma yake ikilitazama. Akashuka. Alikuwa ameshainama kuchomoa kile kichwa aliposikia sauti ya nesi karibu yake.

"Mzee, shikamoo. Afadhali umefika. Huyu ni Tulia. Ni mke wa mwanao Boazi."

Mkono wa mzee ukasimama kwenye pini.

Wasikilizaji wetu wa Rungwe wanajua kwa nini. Kwa wale mnaotusikiliza kutoka mbali, nieleze. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto wako na wewe baba mkwe hamtazamani. Akikuona unakuja, anaiacha njia. Hatamki jina lako. Hamkai chumba kimoja. Si chuki, ni heshima, na wazee wetu waliishika kwa nguvu zote. Tulia alikuwa ameolewa miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili, Mzee Ambilikile alikuwa hajauona uso wake tangu siku ya harusi.

Na Boazi mwenyewe alikuwa Chunya, anatafuta dhahabu. Gari jingine halikuwapo. Mvutaji mwingine hakuwapo.

Mzee aligeuka, akalipa lori mgongo. Alisimama hivyo mvuani, mtu mzima, dereva wa miaka mingi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Kutoka ndani ya lori Tulia alikuwa ameshamtambua kwa koti. Alivuta kanga akajifunika kichwa chote. Kisha akamwita Winfrida dirishani.

"Anasema hataki," nesi akarudi kusema. "Anasema bora atumwe mtu Tukuyu akatafute gari jingine. Mzee, chupa imeshapasuka. Mimi ni nesi, nakwambia hakuna muda wa gari jingine. Haya mambo ya kuogopana si yangoje leo?"

"Nesi," mzee akasema, bado amegeukia kingo, "kesho huyu anarudi kuishi hapa hapa. Nikimvunjia heshima leo, kesho atapita njia ipi?"

"Basi tufanye nini?"

"Muulize anataka nini."

Winfrida akaenda, akarudi. "Anasema uahidi hutageuka. Hata akilia. Hata akipiga kelele. Usigeuke mpaka awe ameshapita."

"Mwambie nimeahidi."

Mzee alifunga mkanda kwenye boksi bila kuinua macho. Kitanzi ndani, pini katikati, kifungo cha pini. Meshaki, aliyekuwa na haraka, akamwambia angezungusha tu mnyororo kwenye kichwa, ingekuwa upesi zaidi.

"Upesi kwenda wapi?" mzee akamuuliza. "Kikikatika kitarukia kioo cha lori. Nyuma ya kioo hicho amekaa nani?"

Meshaki akaupeleka mwisho wa pili wa mkanda kwenye ndoana ya chesisi ya lori. Gunia likatandikwa. Meshaki akaingia ndani ya lori kwa dirisha, akashika usukani, mgonjwa pembeni yake.

Mzee akaingia kwenye pikapu. Kioo cha ndani akakigeuza kikatazama paa. Vioo vya pembeni akavikunja. Sasa hakuwa na jicho la nyuma hata moja. Akamwomba Winfrida asimame mbali, juu ya kingo, amwambie kwa sauti kinachotokea.

Wasikilizaji wapendwa, lori lilitoka. Nawaambia mapema ili msikae roho juu. Pini ilishika, boksi lilishika, chesisi ilishika. Tulia alifika hospitali pale Makandana kabla ya saa sita mchana, akajifungua mtoto wa kike. Anaitwa Loyce. Mwaka huu ameanza darasa la kwanza.

Lakini pikapu haikuvuta tena gari lolote baada ya siku ile. Mzee Ambilikile alirudi kwenye migomba na chai, na bega lake la kulia halikunyanyuka sawasawa hadi alipofariki. Bibi Anyelwisye anasema hakuwahi kumsikia akilalamika. Asajile anasema aliwahi: "Alilalamika kwamba mimi nalima vibaya."

Kwa kawaida rambirambi huja mwishoni mwa kipindi. Leo nazitoa sasa, kwa sababu familia imeomba tumalizie barabarani, kule Matwebe. Tunakupa pole, Bibi Anyelwisye. Pole, Boazi, na ndugu zako wote. Pole, Tulia. Pole, Loyce na wajukuu wengine. Pole, Mzee Asajile, uliyebaki bila mtu wa kumtania. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki tujiulize. Katika kijiji chako, nani amevaa shati la kazi asubuhi hii na hana pa kwenda? Umepita mlangoni kwake? Na pale unapomsaidia mtu aliyekwama, unamwachia heshima yake, au unaichukua kama malipo ya msaada wako? Mimi naamini tunaweza kufanya yote mawili, kumwokoa mtu na kumheshimu. Naamini kwa sababu yameshafanyika, hapa hapa kwetu.

Tulia alikubali kuzungumza nami, wiki mbili baada ya mazishi. Hakulitaja jina la baba mkwe wake hata mara moja. Alisema tu, yule wa Kyimo. Haya ndiyo aliyonieleza, na Winfrida akayathibitisha.

Mkanda ulikazika. Magurudumu ya pikapu yalizunguka, yakachimba, yakashika. Tulia alipiga kelele kwa uchungu, kelele ambazo, kwa maneno yake, hata maiti angegeuka. Aliona kisogo cha yule wa Kyimo kupitia kitambaa cha kanga. Kisogo hakikutikisika.

Kisha lori likachomoka ghafla. Lilipopata ardhi ngumu lilirushwa mbele kwa nguvu yake lenyewe, na breki zilikuwa zimejaa tope. Winfrida akapaza sauti kutoka juu: "Mzee, linakuja. Geuka uone, kata kulia, linakuja."

Kulia au kushoto, angeweza kulikwepa kama angetazama mara moja tu. Alikanyaga mafuta, akaenda mbele kwa kukisia. Hakufika mbali. Lori lilimgonga kwa nyuma, likaisukuma pikapu hadi kwenye kingo. Chesisi ikapinda. Bega lake likagonga mlango, na Winfrida alisikia mfupa.

Lori likasimama. Barabara mbele yake ilikuwa wazi. Nesi alikuja mbio dirishani kwa mzee.

"Umeumia, mzee. Niangalie."

"Mwangalie mwenzako," akasema. Uso wake ulikuwa umeelekea udongo mwekundu wa kingo, karibu kabisa, na maji ya mvua yalikuwa yanachuruzika juu yake. "Fungueni mkanda. Mpite."

Wakafungua mkanda. Winfrida akapanda kebini kwa mgonjwa wake. Meshaki akawasha gari, akapita polepole ubavuni mwa pikapu, karibu kiasi kwamba Tulia, kwa maneno yake, angeweza kunyoosha mkono akaligusa lile koti. Hakunyoosha. Lori likapanda mlima. Mlio wake ukazunguka kona ya kwanza, ukazunguka ya pili, ukapotea kuelekea Makandana.

Yule wa Kyimo alibaki ameutazama udongo, ameshika bega, mpaka mlio haukusikika tena kabisa. Ndipo akageuka.