Bi Shizue Mitamura, Fundi Aliyekataa Kutoa Kamera ya Yukizawa

Baada ya miaka thelathini na minane ya kufungua vyombo vya watu na kuvifunga tena vikiwa vizima, Bi Shizue Mitamura ataiacha meza yake katika Kituo cha Matengenezo cha Kanae, hapa Matsumoto, tarehe 31 Machi 2012. Uongozi umeniomba niandike kwa ufupi na kwa staha. Kwa staha nitajitahidi.

Alijiunga nasi mwaka 1974, msichana wa miaka ishirini na miwili, akapewa kazi ya kuunga waya za redio. Kamera za video zilipoanza kuingia majumbani, makao makuu yalitaka fundi mmoja kutoka kila kituo aende mafunzoni. Mafundi wetu wanaume walisukumiana, kila mmoja akisema kamera ni kitu cha kupita, subirini mtaona. Bi Mitamura alinyoosha mkono. Alirudi na bisibisi zenye mipini ya kuhami umeme, vitambaa vyeupe vya kupangia skrubu, na tabia moja iliyotuchosha masikio kwa muda mrefu.

Tabia yenyewe ni hii. Kabla hajafungua kamera yoyote, anavua pete na saa, kisha ananyoosha kidole na kutamka kwa sauti kama madereva wa treni pale stesheni: "Betri nje! Waya nje! Kapasita tupu!" Kapasita ni kile kipipa kidogo kinachoficha umeme tumboni hata kamera ikiwa imezimwa tangu jana, na hakimwonei haya mtu. Skrubu zake huzipanga kwenye kitambaa kwa mfuatano ule ule zilivyotoka, kwa kuwa skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hutoboa bodi, na hapo umemtengenezea mteja ugonjwa mpya. Kazi ikiisha, bado haijaisha. Lazima aguse kwa mita kila chuma kinachoweza kushikwa na mkono wa mtu, ahakikishe hakuna umeme unaovuja.

Tulimcheka, tusidanganyane. Kwenye tafrija ya maua ya machipuko alilinyooshea kidole jiko la gesi mbele ya wageni wa makao makuu, akatangaza kwamba mpira wake wa kupitishia gesi uko salama. Kwenye harusi ya binti ya mkuu wetu, Bwana Kurogochi, aliitwa atoe neno, akainyooshea kidole maikrofoni, akasema "Iko hai!", ukumbi ukavunjika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha, akaendelea na hotuba.

Wateja nao walimpa kazi ya ziada. Miaka ile wengi walikuwa hawajazoea kumwona mwanamke mezani, na bwana mmoja aliwahi kusimama mbele yake akidai aitiwe fundi mwenyewe. "Fundi mwenyewe alikwenda kunywa chai," Bi Mitamura akamjibu. Akainuka, akazunguka meza, akaketi tena. "Amerudi. Haya, kamera inaumwa nini?" Bwana yule akawa mteja wetu wa kudumu, na mkewe pia.

Ningeweza kujaza jarida zima kwa mambo ya aina hii. Lakini nikiambiwa nichague siku moja tu ya kumweleza mama huyu kwa mgeni asiyemjua, sitasita.

Kila Oktoba kituo chetu hufunguliwa hata Jumapili, kwa sababu ya siku za michezo za shule. Mzazi huikumbuka kamera yake asubuhi ile ile ya mbio, huikuta imekufa, na anayekimbia wa kwanza huwa ni yeye. Jumapili moja ya Oktoba mwaka 1988, foleni ikiwa imefika nje kwenye maegesho ya baiskeli, aliingia mzee mmoja mwenye koti la kazi na viatu vya matope, amekumbatia kamera kubwa iliyofungwa kwa kitambaa cha maua. Alikuwa Mzee Tamekichi Onodera, mtunza shule ya msingi ya Yukizawa, kijiji cha juu kabisa milimani. Alfajiri fataki zilikuwa zimepigwa kule kutangaza kwamba michezo ipo, mvua ya jana isiwatishe watu. Akaijaribu kamera, ikaimeza kanda na kugoma kuitema. Akashuka na basi la kwanza.

"Mama, leo ndiyo michezo yetu ya mwisho," aliniambia pale dawatini. "Machi shule inafungwa, watoto wanahamishiwa bondeni. Kijiji kizima kilichanga kununua hii kamera, wakanikabidhi mimi. Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini?"

Nilimpitisha mbele ya foleni. Hakuna aliyenung'unika, baba mmoja mwenye tai alimsogezea kiti.

Bi Mitamura alinyoosha kidole, akatamka yake. Mzee alishtuka, akavua kofia kwa heshima bila kuambiwa. Tatizo lilikuwa mkanda wa mpira uliolegea kwa uzee. Aliibembeleza kanda hadi ikatoka bila kukunjika hata mahali pamoja, akaweka mkanda mpya, na kabla ya saa sita mchana kanda ilikuwa inazunguka na picha inaonekana vizuri. Foleni yote ilishusha pumzi. Bwana Kurogochi, wakati huo mkuu mpya mwenye haraka zake, alikuwa ameshainama na kunyoosha mikono miwili amkabidhi mzee mali yake.

"Bado," Bi Mitamura akasema. "Sijapima."

"Bi Mitamura, basi la mzee linaondoka sasa hivi! Kanda inazunguka, picha ipo. Unapima nini tena?"

"Napima kama itamuua, mkuu."

Betri ya kamera ile ilikuwa imechoka, haishiki moto tena, na mzee alikuwa amepanga kuvuta waya mrefu kutoka ofisi ya walimu hadi uwanjani, atumie umeme wa ukutani kupitia chaja. Basi Bi Mitamura aliichomeka chaja ile, akaiunganisha na kamera, akagusa kwa mita tundu la chuma lililoko chini ya kamera, mahali mtu anapoifungia kwenye miguu mitatu. Mshale uliruka hadi mwisho wa mita ukabaki huko.

Alichomoa kila kitu. Akanyoosha kidole upya, akatamka, akafungua chaja. Mahali palipotakiwa kuwa na karatasi ngumu ya kuhami umeme, palikuwa na karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, imekunjwa kwa unadhifu wa hali ya juu. Mzee Onodera aliiva uso.

"Ile ya ndani ilichanika," akasema kwa sauti ndogo. "Mwezi uliopita. Nikadhani ni ya kukinga joto tu. Nikaweka iliyokuwa imefunga tonge langu la wali."

"Tonge la nini?"

"La plamu ya chumvi."

"Mzee wangu, umeufungia umeme chakula cha mchana!" Bi Mitamura akasema. "Na kitoweo ungekuwa wewe."

Watu walicheka, mzee akiwemo, lakini kicheko chake kilikatika njiani. Tulisikia basi likipiga honi kwenye kituo cha basi na kuondoka. Mzee alishika ukingo wa meza.

"Nipe hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Nitavaa glavu za mpira. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Watoto wakose kumbukumbu yao kwa ajili ya mtu kama mimi?"

Bado namkumbuka Bi Mitamura alivyoweka bisibisi chini na kumwangalia. "Watoto wakuone ukianguka uwanjani mbele yao," akasema, "hiyo ndiyo kumbukumbu unayotaka wabaki nayo? Sitoi. Nikasirikie, nisemee kwa wakubwa, lakini sitoi."

Mzee akaketi. Bi Mitamura alikata karatasi halisi ya kuhami kutoka kwenye akiba yetu, akaitoa fyuzi kubwa kupita kiasi ambayo mzee alikuwa ameiweka, akaweka ya kipimo chake, akafunga skrubu moja baada ya nyingine kana kwamba hakuna foleni wala jua linalosogea. Akapima. Mshale ulilala. Akageuza plagi, akapima tena. Mshale ukalala fofofo.

Hapo ndipo Bwana Kurogochi alipojionyesha ni mtu wa namna gani. Alinirushia funguo za gari dogo la kituo. "Tsukahara, wewe unaendesha. Bi Mitamura, nenda naye. Foleni niachieni mimi." Akavaa aproni, akaketi mezani, akaanza kuomba radhi kwa mteja wa kwanza.

Sitaeleza nilivyoendesha kwenye zile kona, kwa kuwa leseni bado naihitaji. Tulipofika Yukizawa, mwalimu mkuu alikuwa amewaagiza watu kula polepole. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa kwenye mikeka kikitafuna wali wa uyoga punje kwa punje, macho yote barabarani. Walipotuona walisimama na kushangilia kana kwamba tumeleta kombe.

Mzee Onodera alivuta waya wake juu ya nyasi zilizokuwa bado zinachuruzika maji, akaichomeka chaja, akaishika kamera kwa mikono yote miwili, vidole vimegusa chuma. Taa nyekundu ya kurekodi iliwaka, na mzee akasimama imara.

Zikabaki mbio za kupokezana vijiti, nyekundu dhidi ya nyeupe, watoto na wakubwa pamoja. Upande mweupe ulipungukiwa na mtu, na kule Yukizawa mwenye kusimama uwanjani siku ya michezo hawezi kusema yeye ni mgeni. Bi Mitamura alifungwa kitambaa cheupe kichwani. Alipewa kijiti akiwa nyuma, aproni ya kazi inampiga magotini, akamfukuza mkuu wa posta hadi kona ya mwisho na kumpita mbele ya kijiji kizima. Mkuu wa posta hadi leo anadai aliteleza. Weupe walishinda! Watoto walimrusha juu, nami nililia kwa furaha na kupiga makofi hadi viganja vikawaka.

Tangu Jumatatu iliyofuata, Bwana Kurogochi mwenyewe aliagiza kwamba hakuna chombo kitakachotoka hapa bila kupimwa na mita, hata kama mwenye nacho amesimama mlangoni analia. Bi Mitamura alifundisha mafundi wa mkoa mzima. Leo ukiingia kituoni asubuhi utasikia meza zote zikitamka, betri nje, waya nje, na hakuna tena anayecheka. Katika miaka yote hii hakuna mteja hata mmoja aliyepigwa shoti na kitu kilichopita mikononi mwake. Vituo vingine huleta wageni kuja kuuliza siri yetu ni nini. Siri yetu ina kelele.

Shule ya Yukizawa siku hizi ni ghala la matofaa. Mzee Onodera aliendelea kurekodi harusi na sherehe za kijiji kwa miaka mingi, akafariki akiwa mzee sana, kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka. Watoto wa siku ile sasa ni wazazi, na wametujulisha kwamba watakuja wote kwenye hafla ya kumuaga Bi Mitamura, na kanda yao wataileta.

Mimi nimeshaitazama. Baada ya mbio watoto wanapanga mstari, bendera ya shule inashushwa, na kamera inapita taratibu usoni kwa kila mmoja, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Kisha inasikika sauti ya mzee, karibu sana, hakujua kama kamera inamnasa na yeye: "Nimewapata. Wote nimewapata."

Sisi wa mapokezi huwakabidhi watu kamera zao, wakatoka mlangoni, tusijue wanakwenda kurekodi nini. Siku ile tulijua. Kwa siku ile na kwa nyingine zote, Bi Mitamura, pokea shukrani za kituo kizima. Pumzika, ule vizuri, ulale hadi jua lipande, na uishi miaka mingi yenye furaha, kama alivyoishi yule mzee uliyemkatalia.

Nobue Tsukahara
Dawati la Mapokezi