Semina ya Kupumzika

Ndani ya basi, dada mmoja anayemuuguza mama mkwe aliyepooza alikuwa akimsimulia mzee aliyeketi naye kuhusu semina aliyotoka. "Ustawi wa jamii walituita sisi tunaouguza nyumbani, watufundishe kupumzika. Nikasinzia. Mwalimu akaniamsha, ati nitapitwa na somo."

"Na mgonjwa umemwachia nani?" mzee akauliza kwa ukali, utadhani mgonjwa ni wake.

"Mwanawe wa kumzaa, mume wangu."

"Mwanamume! Atamgeuzaje kitandani?"

"Kwa mikono, baba. Hata mimi situmii winchi."

Mzee akaiingiza mikono yake mifukoni. Simu ya dada ikalia. "Ndiye huyo," akasema, akaiacha ilie. Basi likasimama, kondakta akamwambia amefika. Dada akajibu kwamba atashuka kituo kinachofuata.