Jina la Alexander Ukutani Nansio

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni huko mliko. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, asije akaunguza mboga halafu lawama zije redioni. Leo tunamkumbuka Getruda Mihayo, Mama Venant wa Buswelu, aliyetutoka mwezi uliopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Mama huyu alizipenda kura kuliko hata wagombea wenyewe.

Mama Venant alikuwa Mkerewe, mzaliwa wa Nansio, kule kisiwani. Alihamia Buswelu, kwa mwanawe Venant, mwaka uleule alipofiwa na mumewe, Alexander. Mnaijua Buswelu ya miaka ile. Nyumba mpya kila kona, matofali kila uwanja, na kila mtu ametoka mahali pengine. Watu walihama na vitanda, wakahama na makabati na kuku wao. Majina yao kwenye daftari la wapiga kura wakayaacha huko huko walikotoka. Na kura, wasikilizaji, unapiga pale jina lako lilipo. Basi siku ya uchaguzi mtaa mzima ulikuwa unafua nguo.

Jambo hilo lilimkera sana. Alikuwa wa chama tawala, damudamu. Jirani yake, Mzee Masalu, alikuwa wa upinzani, naye damudamu. Kila asubuhi walibishana kwenye ua wa michongoma, huyu na kikombe cha chai, yule na mswaki mdomoni. Wakimaliza, Mama Venant anampa samaki wa kukaanga, maana Masalu alikuwa mjane wa kiume na mapishi yalimshinda.

Makarani wa uandikishaji walipokuja Buswelu, Mama Venant alipita nyumba kwa nyumba. "Hamisheni majina, jamani! Maji mnanunua kwa ndoo, barabara ni mashimo, halafu diwani mnachaguliwa na nani?" Hakuuliza mtu ni wa chama gani. Watu wakajaa uwanjani, kadi mkononi.

Ndipo Mzee Masalu akauliza, mbele ya watu wote: "Mama Venant, la kwako liko wapi?"

"Liko Nansio," akajibu.

"Ahaa! Basi na la kwangu litabaki kwetu Magu. Siku utakayohamisha wewe, njoo unigongee."

Watu wakacheka. Kadi zikarudi mifukoni, wakatawanyika. Mama Venant akaingia ndani akafunga mlango. Siku tatu uani hapakusikika ubishi.

Ni kweli, wasikilizaji wapendwa. Miaka tisa alikaa Buswelu, na jina lake lilikuwa Nansio. Kila orodha ya wapiga kura ilipobandikwa, alipanda meli kwenda kuitazama. Watu walidhani ni uzee tu. Aliyejua ni Venant, kwa sababu safari moja alimsindikiza.

Venant anatusimulia: "Majina yalikuwa ukutani pale shuleni. Nikamwona mama ameweka kidole kwenye karatasi, hatoki. Nikadhani hajaliona jina lake. Kumbe la kwake lilikuwa chini. Kidole kilikuwa juu ya jina la baba."

Wawili hao walijiandikisha siku moja, foleni moja. Alexander akafariki kabla hata ya kupiga kura. Taarifa ya kifo ilitakiwa ipelekwe ili jina liondolewe. Mama Venant hakuipeleka. Akalifanya kosa hilo kwa makusudi, na akalificha miaka tisa. Pale ukutani mumewe alikuwa bado mtu wa Nansio, mwenye namba yake, na mkewe chini yake.

Siku ya nne baada ya kuchekwa, alitoa cheti cha kifo sandukuni. Akapanda meli peke yake.

Karani wa Nansio alimuuliza, "Huyu ni nani wako, mama?"

"Mume wangu."

"Mbona hukutoa taarifa siku zote hizi?"

"Mwanangu, nilikuwa bado sijamaliza kumwona."

Alirudi Buswelu siku iliyofuata, macho mekundu. Akahamisha jina lake, kisha akaenda moja kwa moja kugonga kwa Masalu. "Nimehamisha. Vaa viatu."

Masalu alipoambiwa na Venant, aliyemfuata mama yake nyuma, safari ile ilihusu nini, alikaa kitini akalia. Halafu akavaa viatu. Na mtaa ukawafuata.

Siku ya kura, foleni ilipita lile duka la mtaani, la Aftab, ikakunja kona. Wa kwanza alikuwa Mama Venant na kigoda chake, gauni jeupe lisilo la chama chochote. Wa pili alikuwa Masalu. Walipotoka, Masalu akamtania: "Nimeifuta kura yako." Akajibiwa, "Na mimi nimeifuta yako. Njoo ule."

Alimwachia Venant usia mmoja: "Nikifa, nenda ukaniondoe kwenye daftari. Usifanye kama mimi."

Tunampa pole Venant na familia yote ya Mihayo, Buswelu na Nansio. Pole za pekee kwa Mzee Masalu, anayekunywa chai uani bila mtu wa kubishana naye. Yeye ametuambia hivi: "Nitakwenda na Venant, tutamwondoa kama alivyotaka. Ila nitaomba waniache nilishike jina kidogo kwanza."

Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa, majina yetu yako wapi. Orodha zikibandikwa, nenda ukatafute la kwako. Na ukikuta la mtu wako ambaye hayupo tena, weka kidole hapo, mkae kidogo. Kisha kamwambie karani.