Aliyewatuma Wateja Mkate: Mzee Protas Wamalwa Anastaafu

Kwanza naomba mnisamehe. Karatasi hii ilitakiwa iwe mezani kwa bosi wetu, Bi Nusura, tangu wiki ya kwanza ya Juni, na leo ni tarehe ishirini na moja. Mtoto wangu wa pili anaota meno, na kila nilipokaa kuandika habari za Mzee Wamalwa nilijikuta nimesinzia juu ya sentensi ya kwanza. Sentensi yenyewe ni hii: Mzee Protas Wamalwa, fundi na mpimaji wetu, anastaafu tarehe 30 Juni 2019, baada ya kulitumikia Duka la Baiskeli la Rayyan, Ntinda, kwa miaka thelathini na moja na miezi mitano.

Wenzetu wa matawi ya Ggaba na Kyebando mnamjua kama yule anayewapigia simu kuuliza tairi ziko wapi. Sisi wa Ntinda tunamjua kwa kona yake. Iko nyuma, karibu na mlango wa stoo: stuli moja, pazia, na ukuta uliojaa mistari ya chaki yenye majina ya watu. Hapo ndipo Mzee humpima kila anayetaka baiskeli yake ya kwanza ya mazoezi. Mwezi wa nne tuliambiwa kwamba akiondoka yeye, kona nayo itaondoka, na mahali pake pawekwe zile mashine za kukimbilia ndani ya nyumba. Kwa hiyo wasifu huu ni wa mtu, lakini ni wa kona pia, maana mpaka majuzi hatukujua kama itabaki.

Mzee alifika Kampala Januari 1988 kutoka Webuye, kijana wa miaka ishirini na tisa, na mfuko wa spana. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla, na watu walikuwa bado hawajasahau. Anasema akisalimia kwa Kiswahili sokoni, wauzaji walirudi nyuma hatua moja wakidhani ni askari, maana huko Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Neno la kwanza la Kiganda alilojifunza lilikuwa “ssebo”, yaani bwana, na alilitumia kwa kila mtu, wanawake wakiwemo, mpaka marehemu Mzee Habib, aliyeanzisha duka hili, akamwita pembeni na kumwambia, “Mwanangu, mama anaitwa nnyabo. Utanifukuzia wateja.”

Siku hizo duka liliuza baiskeli nyeusi nzito, za kubebea matoke na madumu ya maziwa. Baiskeli za mbio zilianza kuja miaka ya tisini, zimetumika, zimejazana kwenye makontena. Hakuna aliyezitaka. Tairi jembamba hivi litabeba nini? Mzee ndiye aliyeanza kuzifungua moja moja na kuzisoma. Hufumba macho, akapapasa chini ya shingo ya fremu akitafuta mkunjo wa ajali ya zamani, kisha akagonga kila bomba kwa sarafu na kusikiliza. Ikilia vibaya, haiuzwi, hata kama inang'aa kama harusi.

Makosa? Amefanya, na anayasimulia mwenyewe. Mwaka 1996 alimuuzia Mwalimu Oloya baiskeli ya mbio iliyotoka Ulaya. Kwenye baiskeli zetu nyeusi, breki ya mkono wa kulia hushika gurudumu la mbele. Kwenye ile, ilikuwa ya kushoto. Hakuna aliyeangalia. Mwalimu akateremka kilima cha Kyebando, akabana mkono wa kushoto polepole kama alivyozoea, na gurudumu la mbele likagoma palepale. Yeye akaendelea, juu ya usukani, hadi kwenye nyanya za mama mmoja wa barabarani. Alirudi dukani na mbegu za nyanya kwenye ndevu, akasema, “Fundi, baiskeli yako imesimama vizuri sana. Mimi ndiye sikusimama.”

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Alifunga kona siku mbili, akabadilisha waya za breki za kila baiskeli iliyokuwemo dukani. Tangu siku hiyo hakuna inayotoka mlangoni kabla mteja hajajibu swali lake: “Mkono wako wa kulia unashika gurudumu gani?” Mwalimu Oloya amenunua nne kwake tangu hapo, na nyanya zile Mzee alizilipia mwenyewe.

Mimi niliajiriwa kama keshia mwaka 2013, na baiskeli niliziona kama mikate: ipo dukani, inauzwa, basi. Mwaka 2016, baada ya kumzaa Vera, nilikuwa nikipanda ngazi za nyumbani Kyebando nasimama mara mbili kupumua. Nesi wa kliniki alinipima presha, akaangalia kipimo, akaniangalia mimi, akasema nianze mazoezi au nianze vidonge. Nikaenda kwenye kona na baiskeli niliyojichagulia: fremu kubwa kuliko zote. Nilifikiri kama ninavyofikiri sare ya shule, nunua kubwa upate thamani ya pesa yako.

Mzee aliitazama, akanitazama. “Mama Vera, wewe umeshamaliza kukua. Labda kiunoni.”

Nilinuna. Akanipa kitabu chenye jalada gumu, akaniambia niingie nyuma ya pazia, nivue viatu, nisimame ukutani nikibana kitabu kati ya mapaja hadi juu kabisa, nipige chaki pale kinapoishia. Utaratibu huo aliutunga yeye, ili mwanamke ajipime mwenyewe bila mkono wa mwanamume kumgusa. Mstari wangu ulikuwa chini sana kuliko majivuno yangu. Akanitolea baiskeli ya chuma, kuukuu, ndogo, ambayo nikisimama nayo kati ya miguu vidole viwili vilipita kati yangu na bomba la juu. Nyuma akafunga gia yenye meno mengi. “Kampala ni vilima,” alisema. “Gia nyepesi si aibu. Aibu ni kusukuma.”

Pesa pia ana utaratibu wake. Mteja akija na yote mkononi, humwambia aigawe mara tatu: mafungu mawili ya baiskeli, fungu moja la kofia ngumu, tairi mpya, waya za breki na taa. Wengi hubisha. “Ukimaliza yote kwenye rangi,” huwauliza, “breki utafunga na nini, meno?”

Halafu inakuja sehemu iliyompa jina lake mjini. Hakuna anayelipa kabla ya kutumwa mkate. Mzee humpa mteja pesa ya mkate mmoja na kumwambia aende nayo hiyo baiskeli hadi bekari upande wa Kyebando na kurudi. Akirudi, hamuulizi kama ameipenda. Humuuliza panapouma. Viganja vikiuma, usukani uko mbali. Magoti yakiuma, siti iko chini. Anayejibu “hakuna” anatumwa tena, maana Mzee hamwamini mtu asiyeumwa popote. Mkate tunakula sisi na chai ya saa nne. Kuna mtu wa benki aliyetumwa mara tano Jumamosi moja. Wiki ile tuligawia hadi duka la jirani. Mimi mwenyewe nilitumwa mara tatu. Na nesi yule sasa akinipima huandika tu, vidonge havitaji tena.

Ndiyo sababu mwezi wa nne, niliposikia habari za zile mashine, niliingia ofisini kwa Bi Nusura na mtoto mgongoni. Nilimwambia kwamba mtu anayenunua baiskeli ya mbio kwa mara ya kwanza akipewa isiyomfaa haji kulalamika. Anaiegemeza nyuma ya nyumba, anaanika nguo juu yake, na hafanyi mazoezi tena maisha yake yote. Nikamwambia nimekaa karibu na kona hii miaka sita na ninaijua. Bi Nusura ni binti wa Mzee Habib, si mtu wa maneno mengi. Alisema, “Basi tuone. Utampima mtu mmoja, Mzee akae nje, asitie neno. Akiridhika, kona ni yako. Asiporidhika, mashine zinakuja.”

Mtu mwenyewe akawa mdogo wake, Bi Sundus, ambaye daktari amemwambia sukari inapanda na ni lazima atoke jasho. Alikuja Jumapili ya tarehe tisa Juni, asubuhi, barabara zikiwa tupu, na macho yake yalishafika kwenye baiskeli moja ya samawati, nyembamba kama sindano, namba mbili juu ya kimo chake.

“Mama Vera, usihangaike na chaki,” alisema. “Mimi naijua roho yangu inachotaka.”

“Roho haikai kwenye siti, Bi Sundus,” nilimjibu, na nikasikia Mzee akikohoa huko nje.

Sikubishana naye zaidi. Nilimpa pesa ya mkate, nikamwacha aende na ya samawati. Alirudi anaikokota. Nikauliza panauma wapi. Hakuna. Nikamtuma tena. Aliporudi safari ya pili alikaa kwenye ngazi ya duka, akavua kofia juu ya ushungi wake, akasema kwa sauti ndogo, “Shingo. Na viganja. Na mahali pengine sipataji mbele ya wanaume.” Akaingia nyuma ya pazia bila kuambiwa. Nilimtolea ya kijivu, ya chuma, ina mchubuko ubavuni, usukani wake uko karibu. Aliiangalia kama mtu aliyepewa mchumba asiyemtaka, akaondoka nayo kutafuta mkate wa tatu.

Ikapita saa moja. Ikapita ya pili. Bi Nusura alianza kutembea toka mlangoni hadi kaunta. Alipiga simu ya mdogo wake; ikalia hapohapo kwenye kaunta, alikuwa ameiacha. “Mama Vera,” alisema, “kama mdogo wangu amegongwa, wewe na Mzee mtastaafu siku moja!” Mzee, aliyekatazwa kutia neno, aliinua kidole, akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilikuwa namnyonyesha mtoto na moyo wangu uko barabarani.

Saa ya tatu tulimwona anapanda kilima, ameketi, hasukumi. Kwenye usukani wananing'inia samaki wawili, ngege wa Ggaba, kule ziwani upande wa pili wa mji, wamefungwa kwa ukili.

“Bekari walikuwa wameishiwa mkate,” alisema, amelowa jasho, anacheka. “Nikasema niende mbele kidogo. Mbele kidogo ikawa Ggaba.”

“Panauma wapi?” nikamuuliza, maana utaratibu ni utaratibu.

“Tumbo. Njaa.”

Bi Nusura aliwatazama samaki, akamtazama mdogo wake, akasema mashine zisiagizwe. Hapo Mzee akaruhusiwa kusema. Alizunguka ile baiskeli ya kijivu mara moja, akainama, akasema siti iko chini nusu kidole. Ilikuwa kweli. Nikaipandisha.

Mzee Wamalwa anarudi Webuye kwa mkewe, Mama Teresa, ambaye kwa miaka thelathini na moja amemwona Krismasi na misibani tu. Kwa niaba ya matawi yote matatu: asante kwa baiskeli ulizokataa kutuuzia. Asante kwa chai iliyokuwa na mkate kila siku. Tunakuombea magoti yasiyolia, mvua inayojua msimu, na Mama Teresa asichoke mapema kukuona nyumbani kila siku.

Sherehe ni Jumapili tarehe 30, saa nane mchana, hapa Ntinda, na kona inafunguliwa Jumatatu asubuhi kama kawaida. Ili yote mawili yawezekane, bado nahitaji niletewe vitu hivi kabla ya Alhamisi. Kutoka Ggaba, ile picha ya Mzee ya mwaka 1992 iliyo ukutani kwenu, na msiitoe kwenye kioo, tutairudisha. Kutoka Kyebando, viti ishirini na sufuria kubwa ya pilau pamoja na mfuniko wake, safari hii msisahau mfuniko. Kutoka kwa Bi Nusura, barua yenye muhuri inayosema mimi ndiye mpimaji, kwa sababu wateja wataniuliza fundi yuko wapi. Na kutoka kwako, Mzee: ile spana ya ekseli ya pedali uliyoichonga mwenyewe, jina la yule mtu wa soko la Owino anayekuuzia gololi, na sura yake ikoje, dawa yako ya kulegeza nati zilizoshika kutu, imeandikwa vipimo, na namba ya simu utakayoipokea hata ukiwa shambani, kabla ya saa tatu asubuhi, mteja wa kwanza hajaingia.