Mzee Aliyeandikwa Kilo Sabini

Vailet, zima hiyo redio. Na wewe Wiliam, kaa kwenye kiti, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai. Najua una ndege ya watu wa harusi inayoondoka saa nne, na ndiyo maana nimewaita sasa hivi. Nitasema mara moja tu, kwa sababu pumzi niliyonayo haitoshi kurudia, na nataka mnisikie wote wawili pamoja, asije mmoja kesho akasema mama alimwambia lingine pembeni.

Nyumba hii ya Nangara ni ya Vailet. Shamba la Sigino ni la Wiliam, na mbaazi zilizomo avune yeye. Hayo yameisha, wala sitaki shangazi yenu yeyote ayafufue msibani. Kilichobaki ni ndege.

Baba yenu Herieli alipoanza kampuni na ile ndege moja, mimi ndiye niliyepewa fomu ya hatari, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kazi yenyewe si ngumu. Kabla ndege haijaondoka unauliza: rubani amelala kwa muda gani, mvua ikoje, kiwanja kimelowa au kikavu, abiria na mizigo wana kilo ngapi. Kila jibu lina alama zake, na jibu likiwa baya alama ni nyingi. Unajumlisha. Zikizidi kumi na tano, ndege hairuki. Mtoto wa darasa la tano angeiweza. Lakini baba yenu, Mungu amrehemu, alinifundisha kuijaza kutoka chini: kwanza unaandika jumla, kumi na nne, halafu unapanda juu ukigawa alama mpaka zitimie. Aliita hiyo uzoefu. Nami nilijaza hivyo miaka sita, kikombe cha chai kikiwa mkononi.

Halafu akaja mzee Anselimu, mgeni wa heshima kwenye jubilei ya parokia. Ilikuwa Aprili, kiwanja kimelowa chapachapa. Wakati wa kumrudisha, watu walikuwa wamemzawadia magunia matatu ya mbaazi na kondoo dume. Nikaburuta mizani. Mnajua watu wetu: kupima zawadi mbele ya aliyeitoa ni kumwambia amepunja, na kumpandisha mzee kwenye mizani ni matusi kabisa. Baba yenu akapaza sauti, "Mama Wiliam, unataka kumpima mzee kama mtoto wa kliniki?" Watu wakacheka. Mzee mwenyewe akanishika bega, tumbo limemtangulia, akasema, "Andika sabini, mama. Nilipokuwa jeshini nilikuwa sabini." Wakacheka tena. Na mimi nikacheka, nikaandika sabini. Magunia na kondoo sikuviandika kabisa.

Rubani Baltazar alitoa kichwa dirishani akaniuliza, "Mama, tuna ngapi leo?" Nikamwambia kumi na nne. Akaninyooshea dole gumba. Aliniamini, na hilo ndilo linalonichefua kuliko ugonjwa huu.

Ndege ilikimbia mpaka mwisho wa kiwanja, ikainuka kidogo kama kuku aliyefukuzwa, ikagonga migunga, ikaanguka kwenye mahindi ya watu. Baltazar alikufa, mzee alikufa. Kondoo alikutwa mzima, anakula mahindi. Na watu wetu, bila haya, wakamchinja msibani. Nililetewa sahani. Nilitoka nje nikatapika.

Wote walikuwa wanasema ni kazi ya Mungu. Mungu hakuandika sabini. Niliandika mimi. Wachunguzi walipokuja, baba yenu aliwapa fomu, wakakuta kumi na nne, safi. Kwa hiyo kosa likabaki kwa marehemu. Rubani alizembea, wakasema, nami nilikuwa nimekaa palepale, nimefunga mdomo. Mjane wake, Benadetha, yuko Mutuka mpaka leo, na watoto wake wanaitwa watoto wa yule aliyeangusha ndege. Nikikutana naye sokoni ananiamkia, "Shikamoo mama." Miaka kumi na moja namwitikia marahaba.

Sasa wewe, Wiliam. Ulimwondoa dada yako kwenye mizani kwa sababu eti anawaudhi wateja. Na leo, ulipoinama kunikalisha, nimeona fomu mfukoni mwa shati lako. Itoe. Msomee Vailet. Kumi na tatu? Rubani amelala usingizi wa saa nane? Sasa hivi ni saa mbili na nusu, rubani wako Mujahid hujamwona wala hujampigia, umejuaje alivyolala? Kiwanja kikavu? Mvua imepiga bati hili tangu alfajiri, hata mimi mgonjwa nimeisikia! Uliijaza jana. Usiniangalie hivyo, mwanangu. Sikuchukii. Uchafu huo niliufundisha mimi, na unanitia kinyaa kuuona ukiwa hai wakati mimi naondoka.

Nusu ya kampuni iliyo kwa jina langu ni ya Vailet, na kuanzia leo ndege haiondoki bila sahihi yake. Karatasi ziko kwa mwanasheria Sadallah. Utaendesha ofisi, Wiliam, lakini dada yako akisema hapana, ni hapana.

Na kabla hamjanizika, Wiliam aende Mutuka. Si barua, si ujumbe. Umwambie Benadetha kwa mdomo wako, watoto wake wakiwepo, kwamba mume wake alidanganywa, na aliyemdanganya ni mimi. Akikataa kuja kunizika, msimlaumu.

Nipe maji kidogo... Basi, inatosha.

Vailet, Mungu akupe shingo ngumu, na uzae watoto wasioogopa kuchekwa. Wiliam, baraka yako ninayo. Sikunyimi. Lakini kwanza piga simu. Hapa hapa, mbele yangu. Mwambie Mujahid asiwashe. Abiria wasipande kwanza, wapimwe wote... hata mama wa bwana harusi, hata padre. Na mizigo. Wakitukana, watukane... Kiwanja kisipokauka, walale Babati, hawatakufa kwa kulala Babati.

Weka spika. Inaita?

Ongea kwa nguvu, mwanangu... sikusikii vizuri.